Treni ya Umeme ya Matogoro

Daktari alipomwambia kwamba presha ya macho imeshamla Lukresia jicho moja, na la pili liko njiani, Pankrasi hakulia. Alikwenda kutafuta bati.

Mkewe alikuwa na hamu moja tu. Treni aliyoijua ni ile ya Makambako, aliyoipanda akiwa msichana, inayonguruma mpaka ardhi inatetemeka. Sasa mwanawe Eric, aliyeko Dodoma, alikuwa amemsimulia habari za treni ya umeme, naye akataka kuiona kabla ya giza. Dodoma asingefika, miguu nayo ilishagoma.

"Nitakuundia," Pankrasi akamwambia. "Itatembea hapa hapa Matogoro, mbele yako."

Ujanani aliunda magari ya bati ambayo watu waliyafuata kutoka Mpitimbi. Lakini wakati ule kopo lilikuwa kopo. Leo maziwa huja ndani ya karatasi, mafuta ndani ya plastiki, na waya unaoitwa wa shaba ukiukwangua unakuta shaba ni rangi tu. Mhunzi aliyempa magurudumu amekufa. Mwana wa mhunzi huyo anaendesha bodaboda. Nyundo za baba yake ziliondoka na wanunuzi wa chuma chakavu.

Daimu, fundi redio jirani yao, alimletea mota ya deki mbovu ya video.

"Shikamoo, mzee. Ifungie betri tumboni, kesho inatembea."

"Marahaba. Treni ya umeme haina betri tumboni. Inavuta umeme kwenye waya wa juu, kwa mkono ulio mgongoni."

"Nani atapanda kukagua?"

"Mimi."

"Haya, bwana mkaguzi. Ila macho ya mama hayangoji shaba."

Neno lilimchoma, lakini hakugeuka. Mkono wa mgongoni aliuunda kwa njiti za mwavuli. Magurudumu ya vizibo yaliteleza, akayatupa, akaanza kukata mengine ya chuma kwa tupa. Shaba ya kweli aliingoja mpaka feni ya mtu ikaungua, akachomoa nyaya za ndani yake. Mvua zilianza, zikaisha.

"Baba Eric, bado?"

"Bado kidogo. Nataka ukiiona iwe yenyewe."

Siku treni ilipokuwa yenyewe, macho ya Lukresia yalikuwa yameshaondoka. Yeye na Daimu wakamketisha kibarazani, reli ikizunguka miguuni pake. Pankrasi akaunganisha nyaya. Treni ikaondoka taratibu, laini, bila kelele, kama Eric alivyosimulia. Hata Daimu aliishiwa na utani.

Ikapita mbele ya Lukresia. Ikazunguka, ikapita tena. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, ametega sikio.

"Baba Eric," akasema, "mbona hamuiwashi?"

Pankrasi akapiga magoti. Akaushika mkono wa mkewe, akauweka juu ya reli. Treni ikaja, ikagonga vidole, ikapinduka.

Lukresia akaipapasa, bati kwa bati, mpaka kwenye njiti za mwavuli.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Ndogo," akasema, akaurudisha mkono ndani ya khanga.