Jioni Niliyokataza Kutuza

Kabla ya siku ile, mwanangu, swali moja lilininyima usingizi: wageni wakimtuza Saumu mbele yangu, mimi uso nitauficha wapi? Shangazi yako sijafika hata miaka thelathini, lakini kwa kuwa wiki ijayo unaingia chuo, hili nakuandikia kama mtu mzima.

Nilikuwa nimerudi Kilwa Masoko na shahada ya muziki, kazi sina. Nikaamua kualika watu nyumbani, baada ya alasiri, wasikilize muziki wa baroki, ule wa Ulaya ya zamani unaopigwa na watu wachache sebuleni. Mwenzangu wa chuo alikuja na basi kutoka Dar, kinanda chake mapajani. Fidla ya kwanza nilipiga mimi. Ya pili sikumpata mtu ila Saumu, binti wa mama mkubwa, anayepiga na kikundi cha taarabu Lindi. Hana cheti chochote. Nilimtumia rekodi kwenye simu, na alipofika siku mbili baadaye alikuwa ameshazishika zote kichwani. Mimi zilinichukua muhula mzima. Nilimpongeza, huku moyo unaniwaka.

Wageni walipokaa mikekani, nikasimama. "Jamani, muziki huu si kama taarabu. Naomba mtu asimtuze mpigaji, wala asipige vigelegele."

"Na kukohoa?" akauliza Bi Zuhura, jirani yetu.

"Kukohoa ruhusa, Bibi."

"Ahsante, mwalimu. Nilikuwa nataka nikakohoe kwangu, nirudi."

Wakacheka. Mimi nilijua nimedanganya. Chuoni tulifundishwa kwamba enzi zile watu waliusikiliza muziki huo majumbani wakila, wakizungumza, wakishangilia. Sheria ile niliitunga kwa ajili ya Saumu.

Kuna sehemu ya polepole ambayo mtunzi ameandika noti chache tu, ili mpigaji aipambe mwenyewe. Mapambo yangu niliyaandika kwa penseli, nikayafuta, nikayaandika tena, wiki mbili nzima. Nikapiga. Saumu akanijibu kwa fidla yake, na alichokifanya hakikuwa kwenye karatasi yoyote. Aliizungusha sauti moja, akaivuta, akaiachia taratibu kama afanyavyo kwenye taarabu, nayo ikakaa mahali pake kabisa. Mama mmoja akainuka nusu, kanga mkononi amvishe, akakumbuka katazo langu, akakaa. Sebule kimya.

Nikafurahi, mwanangu. Nakwambia ukweli.

Tangu hapo Saumu akapiga noti tupu, mojamoja, bila pambo lolote. Tulipopumzika akaninong'oneza, "Dada, nimeharibu? Mbona wamenuna?"

Neno moja tu lingetosha kumtuliza. Nikasema, "Kidogo. Usijali."

Akaanza kulegeza upinde wake. "Basi malizieni wewe na kaka wa kinanda. Nisikuaibishe mbele ya watu wako."

Unanijua kwa kuwaza. Nikiwaambia, watanicheka, nisipowaambia, kesho atapanda basi la Lindi akiamini hajui kupiga. Nikawaza wageni watasimulia nini sokoni. Nikawaza hata namna ya kuomba radhi bila kutaja kosa. Yeye alikuwa ameshafungua mfuko wa fidla.

"Usiiweke," nikamwambia. "Hujaharibu. Nimekudanganya."

Nikawageukia wageni. "Jamani, lile katazo ni langu. Nililitunga kwa wivu."

"Tulishaona," akasema Bi Zuhura. "Ulikuwa unamtazama kama mke mwenzio."

Nikavua kanga mabegani mwangu, nikamwendea Saumu kwa mwendo wa maringo wa watuzaji, nikamvisha. Vigelegele vikapasuka, kanga zikafuata, na alipoipiga tena sehemu ile aliipamba kwa namna nyingine kabisa, nzuri kuliko ya kwanza. Niliumia vilevile. Nikaendelea kupiga naye.

Huko uendako utakutana na mtu anayeweza kwa siku mbili kile unachokihangaikia muhula mzima. Kuumia utaumia, hilo sikukatazi. Ila usiugeuze wivu wako kuwa sheria kwa watu wengine. Na mwenzio akikuuliza kama ameharibu, mjibu kweli papo hapo, kabla hujaanza kupima wewe utaonekanaje.

Mwenyezi Mungu akufungulie elimu, mwanangu. Akukutanishe na wenzio wanaokuzidi, na akupe kifua cha kuwashangilia.