Bati Ambalo Sikununua

Siku tulipouza nyumba yetu ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale tulikuwepo mimi, mtoto wangu wa kiume aliyepata kazi Mbarara, mwenyekiti wa kijiji, jirani yetu aliyekuja kuwa shahidi, na mama mnunuzi mwenye mtoto mgongoni. Majina yao yote ninayo kichwani, ila siyaandiki hapa.

Kazini kwa mtoto wangu walikubali kulipa gari la kuhamisha vyombo. Gharama za kuuza zilikuwa zetu. Mtoto wangu alikuwa amenitumia pesa ya bati moja, maana juu ya kitanda palivuja. Lakini mimi niliona haya kuwaacha mashahidi na midomo mikavu. Nikanunua nyama ya mbuzi na soda, na kitanda nikakisogeza fasi ingine.

Tulipokuwa tunakula, yule mama akatazama juu.

"Bibi, mvua haiingii humu?"

Kilikuwa kiangazi. Nikamjibu, "Tumelala humu miaka mingi, binti yangu."

Jirani akadakia: "Huyu bibi anavyokoroma, mvua yenyewe inamkimbia!"

Tukacheka wote. Yule mama akatia dole gumba kwenye karatasi.

Mtoto wangu anaamini mpaka leo kwamba bati niliweka. Sasa tunakaa Ruharo, huku Mbarara, na mvua ikianza tu, nawaza yule mtoto wa mgongoni amelazwa upande gani.

Ninyi mliokuwepo, kama nilimwambia yule mama ukweli pale mlangoni tulipoagana nami nimesahau, nisahihisheni. Ningefurahi sana kuwa nimekosea.