Matufaha Yaliyoiva Ngozi Tu

Shamba la Germana lilikuwa la mwisho kabisa huko Mbulumbulu, pale mahindi yanapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Asubuhi nyingi ukungu ulishuka kutoka msituni ukakaa juu ya miti minne ya matufaha aliyoachiwa na marehemu mumewe, na kwa sababu hiyo matunda yake, hata yakikomaa na kuwa matamu, yalibaki na rangi ya majani. Sokoni Karatu watu waliyapita.

"Mama Patrisi, haya umeyazalisha kabla ya miezi yake," walimtania, wakaenda kununua mekundu ya wengine.

Aliyemwonyesha njia ni Wilibrodi, mtunza bustani wa misheni. Ukishavuna, alimwambia, usiyafungie ndani. Tandika nyasi kavu mahali penye hewa, yapange yasigusane, yalale nje na baridi na umande. Jua la asubuhi liyaone. Likipanda, yafunike kwa matawi yasiungue. Shavu moja likishika rangi, geuza lile la kijani litazame juu. Germana alifanya hivyo. Wekundu ulikuja polepole, kwanza kama vumbi la barabara ya Karatu lililotua juu ya ngozi, kisha ukazama ndani yake, ukakaa.

"Lakini yawe yamekomaa mtini," Wilibrodi alimwonya. "Jua linapaka tu, mama. Halipiki."

Kwa miaka kadhaa hapakuwa na ubaya wowote. Matunda yalikuwa matamu, na sasa yalifanana na utamu wake.

Rafiki yake katika miaka hiyo alikuwa Naserian, Mmasai wa Nainokanoka, ng'ambo ya msitu. Tangu kilimo kilipopigwa marufuku huko hifadhini, wanawake wa kwao walivuka na punda kutafuta mahindi. Naserian alileta maziwa na samli katika vibuyu, akarudi na mahindi, na matufaha kila yalipokuwepo. Hawakuonjeshana vitu. Kuonja kulikuwa kwa wageni. Germana alipokea kibuyu akakiweka ndani bila kukifungua. Naserian alifunga gunia bila kutia mkono. Kisha wakakaa jikoni wakanywa chai na kuchokozana.

"Nyie Wambulu," Naserian alisema, "mlichimba nyumba ardhini kutuficha ng'ombe. Mmbulu akificha kitu, hata Mungu anauliza njia."

"Mmasai ndiye haulizi. Ng'ombe wote duniani si wake?"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikatika. Nyani walitoka msituni wakamaliza mti mmoja, wakaanza wa pili, na Germana, kwa hofu, akachuma yote yaliyobaki kabla ya wakati wake. Aliuma moja. Lilimkaza mdomo kama ndizi mbichi. Hayo yalikuwa ya nguruwe, na alijua. Lakini aliyatandaza juu ya nyasi. Mbingu za ukame zilikuwa wazi, usiku baridi kali, na matunda yale yakawa mekundu kuliko ya mwaka wowote. Aliyageuza kila asubuhi, na kila asubuhi akajiambia kwamba labda ndani nako kunabadilika. Hakuuma la pili.

Naserian alikuja punda wake wakiwa mbavu tupu.

"Mama yangu amekataa chakula," alisema. "Hata maziwa anayatema. Amesema anataka yale matunda yako, yale yenye asali."

Germana alisikia. Palikuwa na nafasi ya kusema, nafasi ndefu ya kutosha, kwa maana Naserian alikuwa ameinua tufaha moja kwenye mwanga na kulizungusha, akicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Angalia! Limependeza kama bibi harusi."

"Ni matamu," Germana alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Siku zilizofuata alikwenda ukingoni mwa msitu akisingizia kuni, akasimama pale njia ya punda inapoingia gizani, akarudi. Alipanga maneno ya kusema: nyani, ukame, haraka. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofunika lile neno lake. Aliposikia kengele za punda tena, alijifungia ndani.

"Mama Patrisi! Moshi wako upo, wewe hupo?"

Akatoka. Naserian hakufoka. Walisalimiana kama kawaida, na Germana akauliza, akitazama miguu yake mwenyewe, "Mama hajambo?"

"Yupo. Aliuma moja." Naserian alishusha kibuyu mgongoni mwa punda. "Akanitazama mimi."

Kisha akafungua kibuyu, akamimina maziwa kidogo kwenye kifuniko chake, akamnyooshea.

"Onja."

"Ng'oto Tobiko," Germana alisema, akimwita kwa jina la mwanawe kama Wamasai wanavyoitana, "sisi hatu—"

"Onja, Mama Patrisi."

Alionja. Yalikuwa maziwa mazuri, yenye harufu ya moshi. Naserian akafungua gunia la mahindi, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akatoa punje za chini kabisa, akazitafuna. Akaridhika. Hakuingia jikoni.

Biashara haikukatika. Pengine ingekuwa nafuu kama ingekatika. Naserian alikuja, walionjeshana, aliondoka. Germana hakulaza tena tunda juani. Aliyaacha yakomae, akayauza na ukijani wake, na majirani walishangaa kwa nini ameacha ujuzi uliompatia wateja.

Miaka ilipopita, magoti ya Naserian yalichoka, akamtuma mkwewe, Soila. Msichana aliinamisha kichwa aguswe, kwa adabu, kisha akafungua kibuyu na kumimina kwenye kifuniko.

"Onja, mama."

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Mama mkwe. Amesema kwenu huku ndiyo heshima. Usipomwonjesha Mama Patrisi, umemdharau." Akatabasamu. "Nimekosea?"

Germana alielewa kwamba miaka yote hiyo Naserian hakuwa amemwambia mtu.

"Hujakosea," alisema.

Akapokea kifuniko kwa mikono miwili, akanywa polepole, uso ameuinamisha, msichana asiuone.