Namba ya Siri ya Bi Romana

Bi Romana wa Kipatimu hakujua kusoma, ila kunyamaza alijua, na huko kunyamaza ndiko kulikomlaza mahabusu.

Alikuwa kungwi. Wanawake wenye akili zao pale, yeye ndiye aliyewacheza unyago. Wasio na akili walichezwa kwingine. Zilipoingia zile simu za Kichina, zenye spika ya kuamsha mtaa mzima, akanunua moja, akarekodi humo nyimbo za unyago. Wenzake wakamsema.

"Romana, mambo ya ndani unayatia kwenye kopo?"

"Mnakufa kama kuku wa kideri, na nyimbo mnaondoka nazo. Mlitaka nifanyeje?"

Na kweli. Tekla, aliyekuwa akiwaanzishia nyimbo, aliimba ndani ya simu ile mwezi wa nane. Mwezi wa kumi wakamzika. Tangu hapo Bi Romana akaibeba ile simu kifuani kama hirizi, na Brighton wa dukani akamfungia kwa namba ya siri, asije mwanamume akabonyeza akasikia yasiyomhusu.

Sasa mpwa wake, Xaveri, kijana mwenye mwili mkubwa na akili ya kuazima, akapakia magogo ya mpingo bila kibali, akapotea na lori. Polisi walipomkosa, wakamshika shangazi.

Mkuu wa kituo alikuwa mgeni, ana miezi minne hapo, hata muhogo wa hapa hajauzoea. Akaiweka simu mezani.

"Bibi, taja namba. Huyo kijana aliwasiliana na wewe."

"Alinipigia. Kasema shikamoo shangazi, nikasema marahaba. Kasema naondoka, nikasema nenda. Andika."

"Sitaki maelezo. Nataka namba nisome ujumbe."

"Niitie mjukuu wangu Angela. Kachezwa, na kusoma anajua. Aishike yeye, akusomee ujumbe wote, hata ule wa matapeli wanaoniambia nimeshinda gari. Ila kwingine hafungui."

"Kwingine kuna nini?"

"Kuna kwingine."

"Bibi, asiye na kosa haogopi kufunguliwa simu."

Bi Romana akamtazama toka kofia mpaka buti. "Na wewe una kosa gani, mbona umevaa suruali?"

Askari mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Bi Romana akaingizwa ndani.

Sakafu ya saruji haina huruma na magoti ya mtu mzima. Angetaja tarakimu nne tu, angelala kwake. Lakini aliwaza ile simu ikiwekwa mezani, wanaume wamezunguka na vikombe vya chai, Tekla anaimba, wao wanacheka. Tekla alimwamini. Akajikunja na kanga yake, akanyamaza.

Asubuhi uji akaletewa na Leonadi, askari wa hapo hapo, mtoto wa Tekla. "Mama, itaje tu, yaishe."

"Uji wako hauna sukari," akasema, akaunywa wote.

Mchana mkuu akamtupia Leonadi ile simu. "Wewe mwenyeji. Jaribu namba wanazopenda wazee wa huku."

Leonadi akakaa kwenye benchi mbele ya nondo. Hakuwa na haja ya kujaribu. Brighton aliwawekea bibi wote namba moja, elfu moja mia tisa sitini na moja, mwaka wa Uhuru, wasiisahau. Mama yake alikuwa nayo hiyo hiyo. Bi Romana akaona kidole kinabonyeza moja, kinabonyeza tisa.

"Leonadi," akasema polepole. "Mama yako yumo humo."

"Yumo wapi?"

"Humo kwenye simu. Anaimba zile za ndani. Zile zilizomfanya akufukuze ukalale kwa babu yako."

Kidole kikasimama. Kwa watu wa Kipatimu, mwanamume aliyesikia nyimbo za unyago za mama yake hawezi tena kutazama watu usoni. Leonadi akabonyeza namba nyingine zozote.

"Inakataa, afande."

"Jaribu tena."

"Inakataa."

Masikio yalimwiva kama pilipili, maana uongo hakuuzoea. Bahati mkuu hakuwa mtu wa kutazama masikio.

Jioni Xaveri akakamatwa Nangurukuru, lori limemwishia dizeli, njaa inamuuma. Simu ikawa haina kazi tena. Mkuu akaisukuma bila kuomba radhi, Bi Romana akaichukua bila kushukuru.

Siku ya tatu yake Leonadi akaja nyumbani, hana sare, akakaa mkekani.

"Mama, sikuja kutaka nyimbo. Nataka sauti yake tu. Hata picha sina."

"Ulishabonyeza moja na tisa. Nilikuona."

"Niliacha."

"Uliacha baada ya kuambiwa."

Leonadi akainamisha kichwa. Bi Romana akamwita Angela amtafutie mwanzo wa wimbo wa Tekla, akamtoa nje huyo binti, akaweka kidole gumba juu ya kitufe.

Simu ikakwaruza. Mtu akakohoa, akacheka. "Romana, limeshawaka hilo dude lako? Haya, ngoja niteme ugoro."

Kidole kikabonyeza. Kimya, kabla ngoma haijalia.

Leonadi alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka. "Rudia, mama."

Akarudia. Mara nne alirudia, na kila mara kidole kilifika kabla ya ngoma.