Kutoweka kwa Sindano

Kazini walimwita Antena, na jina hilo lilikwisha kuhamia nyumbani, maana mumewe, fundi cherehani ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, hakuona sababu ya kuwaachia watu wa kazini raha peke yao. "Antena, hebu tega sikio huko nje," angesema, mguu ukiwa juu ya kikanyagio cha cherehani. "Ni mteja anakuja au mpita njia tu?" Naye angejibu bila kuinua kichwa kwenye mboga anazochambua: ni mteja, ni mwanamke, na kisigino cha kiatu chake kimoja kimelegea. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, fundi alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

Usidhani yalikuwa masihara tu. Masikio yale ndiyo yaliyowasomesha watoto wao mpaka wakawa na nyumba zao. Mama huyu alikuwa msikilizaji wa ndege. Ndiyo, kazi hiyo ipo, na watu wanaajiriwa, wanavaa mabuti asubuhi na kwenda. Kituo cha utafiti kilichokuwa pembezoni mwa mji kilifuatilia hali ya msitu wa mlimani mwaka hadi mwaka. Kulikuwa na wa kupima miti, wa kupima mvua, na yeye wa kuhesabu ndege. Msitu wenyewe ulikuwa mnene kiasi kwamba anayetegemea macho humo atarudi ameona majani, na labda mkia mmoja. Kwa hiyo alfajiri Antena alipanda hadi kwenye mmoja wa miti iliyopakwa alama nyekundu, akasimama hapo, akasubiri ndege wasahau kwamba kuna mtu, kisha akafumba macho na kusikiliza. Aliyesikika alihesabiwa. Asiyesikika, kwa siku ile, hakuwepo.

Na walikuwa na sheria moja waliyoishika kama dini: msikilizaji hasaidiwi. Ukifuatana naye unasimama nyuma yake, unafunga mdomo, na hunyooshi hata kidole. Hata kama kuna ndege anapiga kelele juu ya utosi wake, hayakuhusu. Sababu yake ilikuwa ya maana. Ukitaka kulinganisha msitu wa mwaka huu na wa mwaka jana, masikio lazima yawe yale yale. Leo akisaidiwa na kesho asisaidiwe, hesabu yote inageuka uji. Mwenzake wa safari hizo alikuwa mpima miti, jitu la watu, aliyeitwa Futikamba kwa sababu kipimo chake hakikumtoka kiunoni hata siku ya mapumziko. Aliwahi kupiga chafya penye mti wa alama, akaomba radhi wiki nzima.

Katika ndege wote wa mlima ule, Antena alikuwa na mmoja wake. Ndege mwenyewe hazidi kidole gumba, rangi yake ya majani, huwezi kumwona hata ukilipwa. Watu wa kituo walimwita Sindano kwa sauti yake, nyembamba, kali, juu kupita sauti zote. Mara ya kwanza kupelekwa kule, Antena akiwa bado msichana aliyetafuta kazi yoyote, alidhani msitu ni mahali pa kimya. Kulipoanza kupambazuka, chini kabisa wakaanza njiwa kwa ile sauti yao nzito. Juu yao wakaingia wapiga miluzi, kisha wagomvi, kisha wale wanaorudia neno moja kama mtu aliyesahau alichotumwa. Halafu, juu ya wote, Sindano akapita katikati ya kelele ile na kuishona yote ikawa kitu kimoja. Msichana alisahau kupumua. Machozi yalimtoka na hakujua analilia nini.

Kuna watu huzoea kazi yao, hata kama ni ya kuhesabu nyota. Yeye hakuzoea. Miaka ikapita, nywele zikaingia mvi, magoti yakaanza kulalamika kwenye mteremko, na bado kila alfajiri ile sauti ya juu ilipoanza, mwili ulimsisimka vilevile.

Ndipo Sindano akaanza kupungua.

Kwanza alikosekana kwenye miti ya alama ya chini, kule karibu na mashamba. Antena akasema moyoni, labda amepanda juu kufuata baridi. Msimu uliofuata akakosekana na katikati. Halafu ukaja msimu ambao Antena alizunguka mlima mzima, akarudia miti yote, akasimama mpaka miguu ikafa ganzi, na hakumsikia hata mmoja. Njiwa walikuwepo. Wagomvi walikuwepo. Kule juu alikokuwa Sindano palibaki patupu, kama nyumba iliyong'olewa paa.

Alihuzunika kwelikweli, na sioni haya kusema kwamba alimlilia ndege yule kama ndugu. Chakula kikawa hakipiti. Fundi akajaribu kumchekesha, akashindwa, akanyamaza, na huko kunyamaza si kawaida yake. Hata ugomvi wao mdogo wa siku zile haukumchangamsha. Fundi alidai kuna panya kwenye sanduku la vitambaa, kwamba anawasikia wakilialia mchana kutwa. Antena akainama, akatega sikio, akatoa hukumu: "Hakuna panya humo. Ni hiyo cherehani yako, inataka mafuta." Fundi akaitia mafuta, kwani ungebishana vipi na Antena kuhusu sauti? Baada ya siku chache suruali ya harusi ya mteja ikakutwa imetobolewa mahali pabaya, na fundi akawalaumu nondo.

Mkuu wa kituo, mwanamke ambaye umri wake ulikuwa mdogo kuliko wa kifungua mimba wa Antena, alimwita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na feni inayozunguka kwa kusitasita na kikombe cha chai kilichopoa.

"Mama, wakubwa wanakutana wiki ijayo," alisema. "Nikiwaambia Sindano ametoweka mlimani, ni jambo kubwa. Una hakika?"

"Ningependa nisiwe nayo, mwanangu."

"Basi nisaidie kitu kimoja. Pandeni tena, wewe na Futikamba, mchukue darubini. Safari hii huhesabu. Unatafuta kwa macho tu, sheria ya kunyamaza haipo. Mkikosa, nitalisema hilo neno."

Walipanda. Futikamba, kwa kuwa siku hiyo aliruhusiwa kusema, alisema tangu chini mpaka juu, habari za magoti yake na za shemeji yake. Wakafika mahali mti mkubwa ulipoanguka ukafungua uwazi, jua likapata njia ya kuingia, na machipukizi mapya yakawa yamejaa hapo, urefu wa mtu. Wakakaa juu ya gogo. Antena akainua darubini bila matumaini yoyote, akapitisha taratibu kwenye majani, jani, jani, jani, na jani moja likageuza kichwa.

Alikuwa Sindano, mzima, kifua kimevimba, ameshika kijiti kwa vidole vyembamba kama uzi. Maisha yake yote hakuwahi kumwona kwa muda mrefu namna ile. Akaegemeza viwiko kwenye magoti ili darubini isicheze.

"Yupo," alinong'ona. "Kaka, yupo!"

Kisha akaona jambo lililomtia baridi. Ndege alifungua mdomo, akaufungua wote, mpaka wekundu wa ndani ukaonekana. Koo likatetemeka. Mkia ukatetemeka, mabawa yakatetemeka, mwili ule mdogo wote ukawa unatikisika kwa juhudi. Na hakikutoka kitu.

"Masikini wee," Antena alisema. "Ameharibika koo. Amekuwa bubu. Labda wote ni mabubu, ndiyo maana... Hebu tazama, anajaribu kuimba hawezi."

Futikamba alichukua darubini, akahangaika nayo kidogo, akampata. Akatulia. Akaishusha, akatazama kwa macho matupu, akainua tena.

"Mbona anaimba?" alisema.

"Nani anaimba?"

"Huyu. Dada, anaimba mpaka masikio yananiwasha." Uso wa lile jitu ukafunguka kama wa mtoto. "Kumbe ni ndege! Hii sauti mimi miaka yote nilijua ni ya mdudu!"

Antena alimgeukia polepole.

"Unaisikia sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na mwenzake anamjibu kule nyuma."

"Na msimu uliopita? Kwenye miti ya alama?"

Futikamba akaishusha darubini. Alianza kuelewa, na hakupenda alichoanza kukielewa. "Kila mti, dada. Kote wamejaa."

"Hukuniuliza hata siku moja ni mdudu gani?"

"Nikuulize penye mti wa alama? Si ungenila nyama! Na tukishuka nilikuwa nimeshasahau. Mdudu ni mdudu."

Antena akamgeukia ndege tena. Kisha akasema, "Panya," na Futikamba akamshika mkono akidhani amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Alikuwa anawaona panya wa kwenye sanduku, wakilia mbele ya pua yake, na yeye ameinama pale kama hakimu, hasikii.

Lililomjia kwanza lilikuwa furaha, na aliyewahi kuzika mtu katika fikra zake kisha akamkuta mlangoni atajua ni furaha ya namna gani. Mlima haukupoteza kitu. Alfajiri zote zile alizosimama akiomboleza, kitu alichokiomboleza kilikuwa kinaimba juu ya kichwa chake, pande zote, kwa nguvu zake zote. Ulimwengu ulikuwa mzima kuliko alivyoujua. Alicheka kwa sauti, na Sindano hakuruka. Aliendelea kutikisika pale kwenye kijiti, mdomo wazi.

Halafu likaja la pili. Kilichotoweka ni masikio yake. Si yote, maana bado alimsikia mumewe, na njiwa, na mvua ikija; ila ule ukingo wa juu, wa sauti nyembamba, umri umeukata na hauoti tena. Na msikilizaji asiyesikia hana kazi mlimani.

Futikamba alimsoma usoni. Alijikuna shingo, akatazama huku na huku utadhani miti ina masikio.

"Sikia, dada. Mimi sijasema kitu. Tutamwambia mkuu tumewapata kwa darubini, basi, wakubwa watafurahi. Msimu ujao tukipanda, mimi nasimama nyuma yako kama kawaida. Akiimba huyu, nakugusa begani. Kidole tu. Nani atajua?"

Ilikuwa zawadi kubwa kuliko zote alizoweza kutoa mtu yule, aliyeomba radhi wiki nzima kwa ajili ya chafya. Antena alilijua hilo, na alimpenda kwa hilo. Na usimfanye malaika; aliliwaza. Aliuwaza mti wa alama na ubaridi wa alfajiri, akawaza kukaa nyumbani akisikiliza cherehani.

"Hapana, kaka," alisema mwisho. "Nikifanya hivyo, siku Sindano akitoweka kweli hakuna atakayejua. Nimemuua mara moja kwa makosa. Siwezi kumfanya aishi kwa uongo."

Jioni ile alimwambia mkuu wa kituo kwa maneno machache: ndege wapo, mimi ndiye sisikii, na hesabu zangu za misimu ya karibuni wekeni alama zisitumike. Mkuu alifunika uso kwa mikono. Akatafutwa msikilizaji mwingine. Lakini hayo ya ofisini yalikuwa marahisi, kwa sababu uamuzi ulikwisha kufanyika kule juu, kwenye gogo, na kabla hawajashuka Antena alikuwa na ombi.

"Sasa mimi si msikilizaji tena," alimwambia Futikamba. "Sheria hainihusu. Nionyeshe wako wapi."

Futikamba alisimama, akanyoosha mkono. Huyo wa kwenye kijiti. Na yule wa nyuma yake. Wawili upande wa mteremko. Mmoja juu kabisa, penye matawi makavu. Mwingine huku, na huku, na kule mbali kwenye bonde, wengi, hata hawatenganishiki. Alikuwa anazunguka mzima-mzima kama askari wa barabarani siku taa zilipokatika, na Antena akizunguka naye, uso umeinuka, akifuata kidole. Kila kidole kilipoelekea palikuwa na majani tu. Na alijua, kwa mara ya kwanza tangu amlilie, kwamba nyuma ya majani yale kote kuna koo linatetemeka.

Futikamba alianza kuhema. "Inatosha, dada? Mkono umechoka."

"Bado wanaimba?"

"Bado."

"Basi usiushushe."

Futikamba akabadilisha mkono.