Akuwam, Breki za Moto na Mama Mkwe

Binamu yangu Akuwam ni fundi wa ndege hapa uwanjani Lodwar, na sauti yake ni adhabu. Miaka ya kuzungumza huku injini zikinguruma imemharibu kabisa. Ukimwomba chumvi nyumbani kwake, nyumba ya tatu nao wanajua chumvi iko wapi. Mimi napakua mizigo hapo hapo uwanjani, namsikia kutwa nzima, na nimechoka.

Ila kazi anaijua. Breki za ndege anazichunga kama mtoto mwenye homa. Ndege ikitua na mzigo mzito juu ya lami yetu, ambayo jua limekwisha kuichoma, diski za breki zinakuwa moto wa kuunguza. Akuwam anaweka kabari kwenye magurudumu, anamwambia rubani aachie breki ili joto lisikwame, kisha anangoja. Zikipoa ndipo anapima pedi, maana kila breki kali huzipunguza, na iliyobaki nyembamba anaitoa bila huruma. Maji ni marufuku. Diski ya moto ikimwagiwa maji hupinda au hupasuka, na ndege haiendi popote.

Sasa, Akuwam alitaka kuolewa na Esekon, kijana mpole wa Lorugum anayefanya kazi Nairobi. Esekon hakuwa na neno. Tatizo lilikuwa mama yake, Nangiro, ambaye hakuwa amemwona Akuwam wala kukubali. Siku moja alikuja uwanjani kumpokea mwanawe na kumkagua mchumba kwa safari moja. Ukoo mzima tulimwonya Akuwam: ukipiga kelele mbele ya mama mkwe, umekwisha. Basi akamsalimia kwa sauti ndogo ambayo hata mimi niliyesimama karibu sikuipata. Mama akatazama pembeni. Nilimwonea huruma Akuwam, kweli.

Ndege ikatua na upepo mgongoni, rubani akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Iliposimama, gurudumu la kushoto lilifuka moshi. Akuwam akaenda upande wa pili kuweka kabari, na abiria waliongoja kuipanda kwenda Kakuma wakaanza kunung'unika kwamba watangojeshwa. Mara nikamwona Nangiro amekwisha kupita geti, kwa sababu mlinzi ni mtu wa ukoo wake, na nani atamzuia shangazi yake? Mkononi alikuwa na kibuyu cha maji.

"Hii kitu ametoka Nairobi na anatoa moshi," akamwambia Esekon aliyekuwa anashuka. "Ako na kiu."

Esekon akamwomba aache, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi. Mama akaendelea kuinamisha kibuyu.

Akuwam akaangalia gurudumu, akamwangalia mama mkwe, akaiona ndoa yake inaondoka. Akavuta pumzi.

"Mama, hapana maji. Rudi nyuma. Hiyo itapasuka ikuumize."

Mbuzi waliokuwa nje ya uzio walikimbia. Abiria mmoja akalala chini. Nangiro akarudi nyuma, akaweka kibuyu chini, akamkodolea macho. Akuwam akajifunika mdomo kwa glavu zenye grisi, na sisi wa ukoo tukatafuta pa kuangalia.

"Wewe ni nani?" mama akauliza.

"Akuwam, mama. Nilikusalimia asubuhi." Sauti ileile, maana hakukuwa na cha kuficha tena.

"Asubuhi ulikuwa unachezesha midomo tu. Siku hizi watu wote wanachezesha midomo." Akajigusa sikio. "Masikio yangu imeisha. Sikutaka watu wajue. Huyu mtoto akikuja nyumbani naitikia tu na kichwa. Sauti yake nimesahau."

Hapo hakuna aliyecheka. Esekon akasimama pale chini ya bawa, begi mkononi, akasema kitu.

"Amesema nini?" mama akamuuliza Akuwam.

"Amesema ejok, mama," Akuwam akapaza hiyo salamu yetu ya Kiturkana, na nadhani Lorugum walisikia.

"Ejok nooi," mama akaitikia, yaani njema sana, na machozi yakamtoka. Akamshika Akuwam mkono, glavu na grisi yake. "Muulize kama amekula."