Kunde za Serah na Kiyoyozi Kisichokula

Mimi ni mdaku, wala sioni haya kulisema. Dirisha la jiko langu hapa Al-Nuzha linatazama uani kwa jirani yangu Arwa, na aliyejenga dirisha mahali pale akategemea nisichungulie, kosa ni lake. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kuyaona yale mabeseni.

Serah alikuwa ndiyo kwanza ameingia nyumba ile kufanya kazi za ndani. Mkamba wa Kitui, Kenya, mwembamba, mwenye kuinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu asichokisikia mwingine. Asubuhi yake ya mwanzo alikusanya mabeseni yote ya nyumba, na karai la kufulia, akayatega ukutani, kila moja chini ya kiyoyozi cha dirishani. Jeddah ukiwasha kiyoyozi kinadondosha maji mchana kutwa, na sote tumeyazoea yale matone hata hatuyasikii.

Arwa alidhani anaambiwa viyoyozi vyake vimeharibika. Akaniita nikatafsiri. Wazee wangu walihamia huku kutoka Unguja baada ya mwaka sitini na nne, mie nimezaliwa hapahapa Jeddah, lakini nyumbani kwetu Kiswahili hakikutupwa. Basi mtaa mzima ukipata mfanyakazi kutoka Kenya, mkalimani ni mie, Nunu.

"Muulize nani kamwambia nyumba yangu inavuja," alisema Arwa.

Serah alifuta mikono kwenye aproni. "Si kuvuja, mama. Ni maji inamwagika bure. Kwetu maji ikianguka kutoka kwa paa, mtu anaweka karai. Hata kama paa ni ya jirani."

Nilipomfasiria, Arwa alicheka, akasema mabeseni yabaki mradi wageni wasiyaone. Arwa si mbaya. Ana wasiwasi mwingi tu, na mwenye wasiwasi huona mwizi hata kwenye kivuli chake.

Tangu siku ile tukawa na mazungumzo, mie juu dirishani, yeye chini uani akianika nguo. Nikagundua kuwa yule mwanamke ananishinda kwa udadisi, nami nilidhani hakuna wa kunishinda. Yeye alianzia Riyadh, mtaa wa Malaz, kwa kafili mwingine, yaani mwajiri anayemdhamini, kabla ikama yake, kibali cha kuishi huku, haijahamishiwa kwa mume wa Arwa. Kule Malaz chombo cha kupoza nyumba kilikuwa sanduku kubwa la bati juu ya dari, limejazwa majani makavu ndani, na kazi yake Serah ilikuwa kupanda juu kuhakikisha mpira wa maji haujaziba, maana majani yasipolowa hewa hutoka ya moto.

"Ile ya Riyadh inakunywa maji kama punda," aliniambia. "Hii ya Jeddah hakuna mtu anaipatia maji, na inatoa. Sasa inatoa wapi?"

Nilimwambia sijui. Kweli nilikuwa sijui. Nimekaa na viyoyozi maisha yangu yote na swali hilo halijanijia hata mara moja.

Serah hakuliacha. Nikamwona anaweka kiganja nyuma ya kiyoyozi, anatega sikio, anaonja maji kwa ncha ya ulimi. Mwisho akafika kwenye jibu lake, na lilimridhisha sana.

"Ni kama ng'ombe, mama. Inakula stima, inatoa maji. Ya Riyadh ilikuwa ndume tu."

Nilicheka mpaka nikashika kizingiti cha dirisha. Lakini nikalikubali jibu lile la ng'ombe.

Maji yale aliyapeleka kwenye kunde. Mama yake alimfungia mbegu kwenye ncha ya leso alipokuwa anaondoka Kitui, na Serah akazipanda kwenye ndoo tupu za rangi kando ya ukuta wa nyuma, penye kivuli. Alichuma majani, akayapika na vitunguu, akaniletea kibakuli juu ya ukuta. Nami nilijaribu kuotesha mrehani wangu kwa maji ya bomba, ukaungua wote. Majengo yetu haya hujaziwa matangi na gari la maji, na maji yenyewe yana chumvi ya kisima; ya kunywa tunanunua kwenye chupa. Maji ya kiyoyozi peke yake ndiyo yalikuwa matamu.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, mvua za masika hazikunyesha Kitui. Nilijua kuna jambo kwa sababu siku hiyo Serah alianika nguo bila kuangalia juu. Nikamwita mara mbili.

"Mama amenipigia," alisema. "Wamekula mbegu."

Mie mtoto wa mjini, sikufahamu uzito wake. Nikamwambia si atatuma pesa wakanunue nyingine. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mjinga.

"Pesa nimetuma, wananunua unga. Lakini ile kunde yetu haiuzwi kwa duka. Inaiva mapema, kabla jua haijaua. Nyanya alipewa na nyanya yake. Kwetu mtu analala njaa na mbegu iko juu ya dari, hagusi. Mama akisema wamekula mbegu, mimi naelewa vile wamekuwa."

Iliyobaki ya kunde ile, basi, ilikuwa kwenye zile ndoo za rangi. Serah alizisia mbegu zake zote za mwisho zilizobaki kwenye leso, akaacha kuchuma majani. Mche ukichumwa hauzai vizuri, alisema. Sasa zilitakiwa zitoe maua, zifunge, zikauke, zirudi kwao kabla ya mvua za vuli. Moyo wangu ukazishika zile ndoo kama zangu.

Katikati ya hayo ndipo serikali nayo ikaja na lake. Bei ya umeme ilikuwa imepanda mwaka uliotangulia na kila nyumba ilikuwa inalia. Ukatangazwa mpango: raia anayetaka kiyoyozi kipya, cha kubana umeme, serikali itambebea sehemu ya bei, kwa sharti atoe cha zamani kikapondwe. Mie mzaliwa wa Jeddah mwenye ikama sikuhusika, nikabaki kutazama. Lakini Arwa alifurahi kama anaolewa upya. Akaandikisha nyumba nzima, hata chumba cha Serah kule uani.

Mafundi walikuja na lori. Mmoja wa wabebaji alikuwa Mkenya, Jackton, Mjaluo mwenye mabega kama mlango, na niliposikia anaimba Kiswahili ngazini nikashuka mbio. Nilitaka kujua kwa nini serikali imlipe mtu ili atupe mashine inayofanya kazi. Kwetu kitu kizima hakitupwi.

"Mama, hizi za kitambo zinakula stima ya nyumba tatu," alisema Jackton, akipangusa jasho. "Serikali imeona ni afadhali ikusaidie ununue mpya, kuliko ijenge mtambo mwingine wa stima kwa sababu yako. Hii mpya ona nyota zake kwa lebo, za kubana stima. Haikuli. Ni kama haiko."

Serah alikuwa amesimama nyuma yangu na ufagio. Nilimwona uso umebadilika.

"Haikuli?" aliuliza.

"Haikuli kitu, sista."

Msimamizi akapiga kelele, "Yalla, Jackton, yalla," naye akajitwika boksi akaenda. Serah akanivuta kanzu.

"Mama, umesikia? Haikuli stima. Sasa kitu haikuli, utakamua nini?"

Nami, na elimu yangu yote ya shule za Jeddah, nikaona ana hoja. Tulisimama pale wanawake wawili wazima, tukimhurumia ng'ombe wa ukutani asiyekula.

Wakang'oa vya zamani, wakavitupa kwenye lori, wakaziba matundu, wakafunga vipya ndani, visivyonguruma kabisa. Mabomba ya vipya hayakutokea ukuta wa nyuma. Mafundi waliyazungusha upande wa mbele, chini karibu na geti. Walipofika chumba cha Serah alisimama mlangoni akasema cha kwake hakiguswi.

Sasa mtaelewa kilichompata Arwa. Kiyoyozi cha chumba kile kilinguruma kama trekta na kilimwaga vumbi. Mfanyakazi anapewa kipya, baridi, cha bure, anakataa. Arwa alinijia mbiombio.

"Nunu, huyu anataka kutoroka. Mtu anayekusudia kukaa hakatai baridi."

Neno hilo likishasemwa kwenye nyumba, simu ya mfanyakazi huchukuliwa na geti hufungwa kwa ufunguo. Nikamshika mkono nikamweleza habari za kunde, za mvua ya Kitui, za mama aliyekula mbegu. Sikumweleza la ng'ombe. Niliona atatucheka sote. Akasema basi kibaki, lakini fursa ya serikali haimngoji mtu, na kikifa asije kulia kwake.

Kikabaki kimoja. Serah alikiwasha hata mchana akiwa hayumo chumbani, jambo ambalo Arwa angelijua angepiga kelele, na beseni moja likafanya kazi ya yote. Kunde zikatoa maua ya zambarau, zikafunga. Haba na haba hujaza kibaba, nilimwambia kwa kumtania, naye akanijibu kwamba kibaba chake kina mdomo mkubwa.

Agosti kikafa. Kilikohoa mara moja, kikanyamaza. Jackton alipita na lori lao mtaani, nikamwomba akitazame, akatikisa kichwa: kile chuma kimekwisha, mafi, hakuna dawa, hata kipuri chake hakipo tena. Maganda ya kunde yalikuwa bado kijani, mbegu ndani hazijashika. Ukivuna vile unapata mboga, hupati mbegu.

Serah alilala na feni kwenye chumba kile chenye joto la tanuri, na hilo hakulilalamikia. Alijaribu maji ya bomba kwenye ndoo moja, majani yakaanza kuungua pembeni. Halafu nikaona asubuhi anasimama na chupa yake ya kunywa, anakunywa nusu, nusu anaimimina. Mie nikawa namwangushia chupa zangu kwa kamba, lakini jua la Agosti halidanganywi kwa chupa mbili. Majani yakalegea. Nililia jikoni, na sijui kama nilimlilia yeye au mwanamke wa Kitui nisiyemjua.

Walioleta ufumbuzi ni paka. Mitaa yetu ina paka wengi, na siku zote walilala nyuma, walipokuwa wakinywa kwenye mabeseni. Serah akifagia mbele kabla ya alasiri akawakuta wote wamehamia karibu na geti, wamejipanga kwenye ukuta. Mwingine angewafukuza. Yeye aliinama kuangalia wamefuata nini.

Palikuwa na mdomo wa bomba jeupe, na chini yake zege lilikuwa limeota ukijani. Tone likatoka, na jingine, na jingine. Bomba la pili hivyohivyo. Alikimbia akaleta karai, akaliweka, akachuchumaa kulitazama pamoja na paka. Nami nilipomwona anakimbia na karai niliteremka, chungu changu jikoni kinaungua.

"Mama," alisema bila kugeuka, "haikuli na inatoa."

Karai lilijaa kabla sijapata pumzi. Serah alitazama juu kwenye kiyoyozi, akatazama bomba, kisha akafanya jambo ambalo silisahau: akanyoosha mkono wake hewani, kiganja wazi, katika ule unyevu wa Jeddah unaotufanya tuloe tukisimama tu, akausugua mkono kwa vidole.

"Si ya mashine," alisema polepole. "Ni ya hii hewa. Riyadh hewa imekauka, ndiyo maana ilibidi tuipee maji. Hii ya huku imebeba maji, mashine inaikamua tu."

Akaanza kucheka, nami nikacheka, na Arwa akatokea kuuliza nani kafa. Nilimweleza yote, na la ng'ombe nikalitia. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, ni kweli Serah amelala kwenye joto lile wiki zote hizo kwa ajili ya kunde. Jioni ile alimhamishia chumba cha kupigia pasi, penye kiyoyozi kipya.

Kunde ziliinuka. Zikakauka kwenye miche yake kama inavyotakiwa, maganda yakawa yanapasuka ukiyagusa. Alizipukuchua kwenye sinia langu, za rangi ya udongo mwekundu, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Rosebellah, Mkenya wa nyumba ya kona aliyekuwa amemaliza mkataba wake, akalibeba kwenye begi la mkononi hadi Nairobi, na kutoka huko likaenda Kitui.

Siku nyingi tulikaa bila habari. Kisha alasiri moja Serah akanyoosha simu juu kuelekea dirisha langu. Ilikuwa sauti ya mama yake, Kikamba kitupu, sauti kavu ya mtu aliyechoka. Nikamwuliza anasemaje.

"Anasema kopo limefika. Mvua bado haijafika." Alisikiliza tena, mkono mdomoni. "Jana hawakupika. Anasema kopo liko juu ya dari, na hajala hata moja."